Julius Nyerere wa Tabora: mwalimu wa biolojia, mkaguzi wa bei, mweka hazina wa duka

Mwezi uliopita, katika kipindi cha asubuhi, tulisoma ujumbe wa mzazi mmoja mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo. Mwanawe ameingia chuo, mwaka wa kwanza, uhandisi wa ujenzi. Baada ya wiki chache kijana alipiga simu nyumbani akilalamika. Alikwenda kujifunza madaraja na barabara, lakini ratiba aliyopewa ina uchumi, ina ujasiriamali, ina masomo ya maendeleo, na yote hayo yanafundishwa na watu wa idara nyingine. Mzazi akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka: kwa nini mtoto wake akopeshwe fedha, aje kukatwa mshahara miaka na miaka, kwa masomo ambayo si yake?

Simu ziliingia nyingi siku ile. Mmoja alisema vyuo vinajaza masomo ili vijaze karo. Mwingine, fundi wa pampu za maji, alisema wahandisi wanaokuja kijijini kwake wanajua mabomba lakini hawajui nani atalipia dizeli wakishaondoka. Muda wa kipindi ukaisha tukiwa bado tunabishana. Tukaahidi kuandika.

Tulipokaa kutafuta mfano, hatukwenda mbali. Tulimkuta hapa hapa Tabora mtu ambaye kila msikilizaji wetu anamjua kwa sura, ila wengi hawaijui sehemu hii ya maisha yake. Alitayarishwa kuwa mwalimu, akafundisha biolojia, akakagua bei madukani, akashika fedha za duka la ushirika, akaenda Ulaya na kuanza na fizikia na kemia, kisha akahama akasoma uchumi, historia na sheria. Mtu huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Tunataka kusimulia maisha yake kwa kufuata jambo moja tu: yale aliyojifunza nje ya somo lake, na yale ambayo hakujifunza.

Kwanza kidogo kuhusu mji wenyewe, maana mji nao ulikuwa shule.

Kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Watu waliotoka Bagamoyo walipita Ugogo wakafika Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika. Wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, wengine walipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Ilipita biashara ya pembe za ndovu, na ilipita biashara ya watumwa, jambo ambalo si la kupamba. Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wakubwa wa njia hiyo, na kiongozi wa msafara hakuwa mtu wa kubeba tu. Ilimpasa ajue maji yako wapi wakati wa kiangazi, shanga za rangi gani zinapokelewa kwa mtemi yupi, kipimo cha nguo ni kiasi gani, na hongo ya kupita ni ngapi. Neno hongo, kwa njia, wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia ambao kila msafara ulilipa. Maana tuliyonayo leo ni mtoto wake mtukutu.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Karibu na wakati huo huo, miaka ya 1920, serikali ya Waingereza ilianzisha hapa shule ya wavulana, hasa kwa watoto wa machifu waliotarajiwa kuja kusaidia utawala. Ndiyo Tabora Boys tunayoijua.

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa chifu wa Wazanaki na alikuwa na wake wengi. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wao. Mtoto alichunga mbuzi kama watoto wengine, na alianza shule akiwa tayari na miaka kumi na miwili hivi, mwaka 1934, katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Alifaulu vizuri mno, na mwaka 1937 akachukuliwa Tabora. Njia ya kawaida ya siku hizo ilikuwa meli kutoka Musoma hadi Mwanza, kisha treni. Mzazi wa leo anayempeleka mtoto bweni kwa basi, na kumpigia simu jioni kuuliza kama amefika, afikirie hilo.

Alikuwa bado Tabora baba yake alipofariki, mwaka 1942. Mwaka uliofuata, Januari 1943, aliingia Makerere, Uganda, kusomea stashahada ya ualimu. Huko alisoma kemia na biolojia, na pia Kilatini na Kigiriki. Tunaona hapo mwanzo wa tabia yake. Alishinda shindano la insha kwa kuandika kuhusu hali ya wanawake wa Kizanaki, akitumia mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Mwanafunzi wa ualimu anayesoma kemia, anachukua kitabu cha falsafa, anakipima kwa maisha ya mama zake nyumbani. Hakuna aliyempangia kazi hiyo kwenye ratiba. Desemba 1943 alibatizwa Mkatoliki na kuitwa Julius.

Alimaliza Makerere mwaka 1945. Alirudi kwanza Butiama kumjengea mama yake nyumba, akalima na kusoma. Nafasi za kazi zilikuwa mbili, zote Tabora: shule ya serikali aliyosoma mwenyewe, na St. Mary's, shule ya wamisionari Wakatoliki. Ya serikali ilikuwa na mshahara mkubwa zaidi. Akachagua St. Mary's. Huko alikuwapo rafiki yake wa Makerere, Andrew Tibandebage, na mkuu wa shule alikuwa padri wa Kiayalandi, Richard Walsh.

Katika miaka hii tutakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayomjibu mzazi wa Urambo.

Darasani Nyerere alifundisha biolojia na somo jingine. Tayari hapo kuna idara mbili. Baada ya saa za shule aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza, bila malipo, na kuzungumza nao mambo ya siasa. Siku moja alialikwa kwenye mdahalo na walimu wa shule ya serikali, mada ikiwa kwamba Mwafrika alifaidika kuliko Mzungu tangu Afrika ilipogawanywa. Yeye alipinga, na alishinda. Malipo ya ushindi huo yalikuwa kupigwa marufuku kukanyaga tena shule iliyomlea.

Kisha kuna kazi ambayo watu wengi hawaijui. Kwa muda mfupi alikuwa mkaguzi wa bei wa serikali. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeisha, bidhaa zilikuwa adimu, na bei za madukani zilipangwa na serikali. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani, kuuliza bei, kulinganisha na bei halali na kuandika ripoti. Aliwakuta wenye maduka wakitoza zaidi, akaripoti, na wakubwa hawakufanya lolote. Aliacha kazi hiyo. Fikiria mwalimu kijana, na daftari mkononi, akitoka duka moja hadi jingine katika mji huu uliojengwa na biashara, halafu daftari lake linawekwa kabatini na hakuna anayelifungua tena. Sisi tunaona somo hilo alilibeba maisha yake yote, na si kwa faida tu. Tutalirudia.

La tatu ni duka lenyewe. Nyerere alijiunga na tawi la Tabora la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, yaani TAA, akawa mweka hazina wake. Tawi lile lilifungua duka la ushirika la vitu ambavyo hakuna nyumba inavikwepa: sukari, unga na sabuni. Mtu aliyewahi kushika fedha za kikoba kijijini anajua mweka hazina analala na nini kichwani. Mzigo ulionunuliwa kwa bei gani, umeuzwa ngapi, umebaki ngapi, na fulani aliyekopa sabuni atalipa lini. Hayo hayakufundishwa Makerere kwenye stashahada ya ualimu.

Wakati huo huo, magharibi ya mji kwa treni, lilikuwa linaanza jambo kubwa kuliko duka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga. Nchi yao ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, na Tanganyika ikaonekana ina ardhi tele. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Ndiyo, Urambo hiyo hiyo ya mzazi wetu, na iliyokuwa makao ya mtemi Mirambo. Mpango ulikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu kwa mashine. Walikuja mafundi, wakaja wahandisi, zikaja trekta na tingatinga zilizobaki kutoka vitani.

Mashine zilikuwapo. Kilichokosekana ni vitu vya idara nyingine. Takwimu za mvua zilikuwa chache na hazikuchunguzwa vya kutosha. Kule Kongwa udongo ulikuwa na mfinyanzi mwingi, kiasi kwamba kiangazi kilipofika uligeuka mgumu kama sakafu na karanga hazikung'oka. Hesabu ya gharama za vipuri na za kusafirisha mzigo hadi baharini ilifanywa kwa matumaini makubwa mno. Mgogo yeyote wa Kongwa angeweza kuwaeleza habari za mvua zao bila kudai posho. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Urambo baadaye ikageuzwa kuwa nchi ya tumbaku, na ndiyo tumbaku inayomlipia mtoto wa msikilizaji wetu nauli ya chuo.

Hatusemi kwamba Nyerere alisimama Urambo akayaandika hayo. Tunasema kwamba mwalimu wa biolojia aliishi katika mkoa ambamo sehemu ya jambo hilo ilifanyika, na kwamba Tanganyika nzima ililizungumza. Kwa mhandisi kijana wa leo, tusingeweza kumpa mfano ulio karibu na nyumbani zaidi ya huo. Injini zile zilitengenezwa na watu walioijua kazi yao, na bado mpango ukaanguka.

Padri Walsh ndiye aliyemsukuma Nyerere aende mbali zaidi. Alimtia moyo afanye mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London, akafaulu Januari 1948. Aliomba fedha za serikali ya kikoloni za kusoma Uingereza, mara ya kwanza akakosa, mara ya pili, mwaka 1949, akapata. Hata hivyo hakuondoka kwa moyo mweupe. Mshahara wake ulikuwa unamsaidia mama na ndugu zake, na kwenda kusoma kulimaanisha msaada huo ukatike. Wazazi na vijana wanaotusikiliza wanalijua jambo hilo bila kuelezwa. Kabla ya safari, Krismasi ya mwaka 1948, alikuwa amechumbiana na Maria Gabriel, mwalimu wa shule ya msingi Nyegina, Musoma.

Aprili 1949 alipanda ndege Dar es Salaam, na safari ikamfikisha Edinburgh, Scotland. Wakati huo wanafunzi weusi kutoka makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki waliokuwa wakisoma Scotland yote walikuwa wawili tu, naye mmoja wao. Alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Hilo lilikuwa la kawaida kwa mwalimu wa biolojia: unapelekwa kuongeza kile unachokifundisha, urudi ukakifundishe vizuri zaidi.

Lakini Oktoba mwaka huo alikubaliwa katika kitivo cha sanaa, kusomea shahada ya jumla ya M.A. Hakubobea katika somo moja. Mwaka wa kwanza alichukua fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, na elimu ya jamii na mila za watu. Mwaka wa pili historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alama zake hazikuwa za kutisha, alifaulu tu, kote. Yeye mwenyewe alieleza miaka ya baadaye kwamba masomo yale yalimwachia nafasi ya kusoma mengine mengi nje ya shahada na kubishana siasa na wenzake, na kwamba huko ndiko mawazo yake yalikopata umbo. Alihitimu Julai 1952.

Itazame orodha ile tena, polepole. Alisoma jinsi utajiri wa mataifa unavyogawanywa, na jinsi viwanda vilivyozaliwa Uingereza na watu walioumia viwanda vikizaliwa. Alisoma namna katiba zinavyofungwa na kufunguliwa. Uwekaji wa vitabu vya hesabu haumo, wala uendeshaji wa kampuni. Somo lake la biashara, kama tunavyoliona sisi, lilibaki lile la Tabora: daftari la bei lililopuuzwa, na duka la sukari.

Alirudi Oktoba 1952, akaoa Januari 1953, akafundisha historia Pugu, karibu na Dar es Salaam. Aprili mwaka huo akawa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU, na Machi 1955 akaacha ualimu wa darasani. Habari za miaka ile zinajulikana, tutazipita haraka, isipokuwa moja iliyotokea hapa.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano mkuu Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena mpiga kura mwenyewe awe na kipato au elimu ya kiwango fulani. Wajumbe wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere alisimama upande usiopendwa. Hoja yake ilikuwa kwamba wakisusia, viti vitakwenda kwa wengine, na wakiingia wanaweza kuzitumia kanuni zile zile mbaya kuwashinda waliozitunga. Alishinda mkutano, japo wengine walijitoa, akiwemo Zuberi Mtemvu aliyeunda chama chake. TANU ikaingia kwenye uchaguzi na kuupata ushindi mkubwa. Wenyewe wanauita Uamuzi wa Busara. Sisi tunauona kama mtihani wa darasa la sheria ya katiba, uliofanyiwa Tabora badala ya Edinburgh.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Wiki chache kabla yake, Oktoba, chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilipoingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, masomo yaligawanywa kwa nchi: Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Nyerere ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo hicho, na mwaka 1970 kilipogawanyika akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo cha uhandisi kilianza pale mwaka 1973.

Hapo ndipo swali la mzazi linapopata mizizi yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti ambayo waliona yanawapunja. Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akawafukuza mamia yao warudi makwao. Siku hiyo hiyo alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe. Wengi walirudishwa baadaye, lakini serikali na chuo vikaanza kujiuliza msomi anafundishwa nini zaidi ya fani yake. Machi 1967 alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ziwe na mashamba na mtoto ajifunze maisha ya watu watakaomlipia. Chuoni ukaingia utaratibu wa kila mwanafunzi, wa fani yoyote, kusoma masomo ya maendeleo. Wanafunzi wanayaita DS. Mhandisi anayasoma, daktari anayasoma, na kizazi baada ya kizazi wamelalamika kama mtoto wa Urambo.

Elimu hiyo haikubaki chuoni. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio. Watu walikaa vikundi vikundi vijijini wakasikiliza, wakajadili mbu, maji na choo, kisha wakachimba vyoo. Walioshiriki walikuwa watu wazima milioni mbili hivi. Sisi watu wa redio tunajivunia habari hiyo kuliko tunavyostahili, maana wengi wetu hatukuwa tumezaliwa.

Sasa turudi kwenye daftari la bei.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na siku zilizofuata benki na makampuni makubwa yakachukuliwa na serikali. Miaka miwili baadaye Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venice. Jina alilolichagua ni Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema mfanyabiashara, au tajiri, neno hilo Kiswahili kinalo. Alisema mabepari.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, na mwaka huo huo ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa, nafasi yao ichukuliwe na maduka ya vijiji. Shabaha ilikuwa ile ile ya mwalimu kijana wa Tabora: mnyonge asipunjwe. Ila duka la Tabora lilikuwa la watu waliojiunga wenyewe, na mweka hazina wake alijua kinachoingia na kinachotoka. Maduka ya amri, mengi yalikosa mtaji, yalikosa magari, na hayakuwa na mtu wa kuandika hesabu. Vita na Idi Amin, bei ya mafuta na ukame vikaongeza mzigo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wetu walipanga foleni tangu alfajiri. Waulizeni walikuwa wakipangia nini. Sukari, unga na sabuni.

Tunamheshimu Mwalimu, na wapo wasikilizaji watakaotupigia kusema tumemkosea. Lakini tunadhani alilielewa swali la haki kwenye bei kuliko karibu kiongozi yeyote wa wakati wake, na hakulielewa vya kutosha swali la mzigo unafikaje dukani na nani anafaidika kuufikisha. La kwanza alilisoma Tabora na Edinburgh. La pili hakulisoma popote, na waliomzunguka waliolijua hawakusikilizwa. Yeye mwenyewe alikiri, karibu na kuondoka madarakani, kwamba kuvunja vyama vya ushirika kulikuwa kosa. Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuvirudisha, na wakulima wa tumbaku wa mkoa huu wanajua gharama ya kukijenga upya chama kilichobomolewa.

Aling'atuka urais Novemba 1985, kwa hiari yake. Alirudi Butiama akalima, na akaendelea kuandika, hata akazitunga Injili kwa mashairi ya tenzi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa Butiama.

Mzazi wa Urambo tulimpigia simu wiki hii tukamsomea sehemu ya maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa. Alisikiliza, akauliza tu kama pale kwenye duka la ushirika hesabu zilikuwa zinatosha kila jioni. Hatukuwa na jibu. Akasema basi atamwambia mwanawe aende kwenye kile kipindi cha uchumi, na akirudi likizo aje amkagulie daftari la mbolea na mkopo wa chama cha msingi, maana kuna tarakimu mbili hazikubaliani tangu msimu uliopita.